Kiswahili Kwenye Meza ya Kutolea Damu

Asubuhi katika hospitali nyingi za umma nchini Kenya, foleni ya maabara hutangulia foleni nyingine zote. Watu huketi kwenye benchi wakiwa na vikaratasi mkononi. Kikaratasi kimeandikwa Kiingereza, aghalabu kwa herufi mbili tatu za mkato, na aliyekishika hajui kinaagiza nini. Anajua tu kwamba "ametumwa damu". Atakapofika mezani ataambiwa alete mkono, akunje ngumi, asiangalie. Kisha ataambiwa akangoje majibu. Kati ya amri hizo fupi kuna kazi nzito ya kitaalamu ambayo usahihi wake unategemea, kwa kiasi kisichodhaniwa na wengi, maneno yaliyosemwa na yale yaliyoachwa yasisemwe.

Ni jambo lisilopingika kwamba wataalamu wa Kiswahili wamefanya bidii kubwa kuiwezesha lugha hii kubeba sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ikafuata mwaka 2003. Hizo ni hazina. Hata hivyo, juhudi hizo zimeelekezwa zaidi kwenye nomino: jina la chembe, jina la ugonjwa, jina la chombo. Anayezihitaji nomino hizo ni mtaalamu, na mtaalamu wa Kenya amekwisha kusomeshwa zote kwa Kiingereza. Mgonjwa aliye mbele yake hahitaji kujua chembe sahani zinaitwaje. Anahitaji sentensi. Ndipo Kiswahili cha vyuoni kilipolala usingizi, kwa kuwa sentensi ya mezani haijawahi kuonekana kuwa mada inayostahili tasnifu.

Pengine ni vyema kuanza na mahali ambapo lugha hii imejaliwa. Ili kumtafuta mdudu wa malaria, mhudumu huchoma ncha ya kidole, kwa kawaida cha kati au cha pete, wa mkono usiotumiwa sana. Tone la kwanza hufutwa. Kidole hakikamuliwi kwa nguvu, maana majimaji ya nyama huchanganyika na damu na kuizimua. Matone huwekwa juu ya slaidi safi, moja likatandazwa kwa mzunguko hadi kufikia upana wa sentimita moja hivi. Tone jingine hufanyiwa kazi ya ustadi zaidi: kioo cha pili huinamishwa juu ya kile cha kwanza kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45, kikavutwa nyuma hadi kiliguse tone, kikasubiri damu itambae kwenye ukingo wake, kisha kikasukumwa mbele kwa mwendo mmoja usiositasita. Damu hubaki nyuma yake ikipungua unene, hadi mwishoni inakuwa kama ncha ya unyoya, seli zikiwa zimelala mojamoja pasipo kulaliana.

Wakufunzi wa maabara nchini huita kazi hii kwa jina la Kiingereza lililokatwa mkia, na wagonjwa wamelipokea vivyo hivyo. Ilhali Kiswahili kina kitenzi tanda, ambacho kimezaa tandaza, tandika na utando. Utando ni ule wa buibui, ni ule unaoganda juu ya maziwa yaliyopoa. Anayesema utando mnene na utando mwembamba amekwisha kueleza namna vitu hivyo vinavyofanywa. Mwanafunzi wa maabara akiambiwa "tandaza", hatapaka kama anayepaka siagi wala hatakwaruza. Neno lenyewe linaushika mkono wake. Mkopo wa Kiingereza haumpi faida hiyo. Huu si mwito wa kuyafukuza maneno ya kigeni, maana slaidi ni slaidi na hakuna anayekosa usingizi kwa hilo. (Wala hapa si mahali pa kuufufua ule ugomvi wa darubini na hadubini, uliokwisha kula wino wa kutosha.)

Tando hizo mbili zina tabia tofauti, na tofauti hiyo huelezeka kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Ule mwembamba huoshwa kwa methanoli ili seli zishikamane na kioo na kudumu na umbo lake. Ule mnene hauguswi na methanoli. Ukitiwa rangi, maji huzipasua seli nyekundu na kuacha vimelea na seli nyeupe peke yake, hivyo damu nyingi huchunguzwa katika eneo dogo. Mnene hujibu swali la kama mdudu yupo, na mwembamba hujibu ni mdudu wa aina gani. Walimu wa zamani walikuwa na kipimo chepesi cha unene: utando mnene ukiwa bado mbichi, maandishi ya gazeti lililowekwa chini yake yasomeke. Utando usipokauka vyema husombwa na maji ya rangi. Ukiachwa wazi, nzi na sisimizi huufanya karamu. Jina la mgonjwa nalo huandikwa kwa penseli, kwa sababu methanoli hufuta wino, na slaidi isiyo na jina ni damu ya mtu asiyejulikana.

Laveran alipoviona vimelea hivyo kule Constantine, Algeria, mwaka 1880, aliviona katika damu mbichi isiyotiwa rangi yoyote. Rangi inayotumika hadi leo hubeba jina la Gustav Giemsa, mkemia Mjerumani aliyeitangaza mwaka 1904. Elimu hii basi ina zaidi ya miaka mia moja, na imefundishwa Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa. Kutokuwako kwa mwongozo wake katika Kiswahili mezani pa maabara nyingi hakuwezi kusingiziwa uchanga wa sayansi.

Baada ya mkono huja jina, na hapa isimu inaingia moja kwa moja katika usalama wa mgonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu utoaji damu, uliochapishwa mwaka 2010, unamtaka mhudumu amwombe mgonjwa ataje jina lake kamili. Hautoshelezwi na mhudumu kulisoma jina na kungoja kuitikiwa. Msomaji aliyeketi kwenye benchi hizo anajua kinachotendeka: "Wewe ndiye Atieno?" Mtu aliyeamka alfajiri, mwenye homa, masikio yakivuma kwa dawa, amezoea kuwaitikia wakubwa wa ofisi kwa adabu. Atasema "ndiyo". Atieno wako wawili kwenye benchi. Swali la ndiyo na hapana hualika ndiyo, hasa pale anayeuliza amevaa koti jeupe na anayejibu amevaa kanga. Damu ikiingia katika chupa ya Atieno mwingine, hakuna mashine itakayogundua, kwa kuwa mashine hupima damu na haipimi jina. Na kama damu hiyo ilikuwa ya kutafuta kundi kabla ya kuongezewa, kosa hilo linaweza kuua.

Swali la wazi si gumu kulisema, ila linahitaji kuvikwa heshima. Kumuuliza mzee wa Lamu "Unaitwa nani?" bila utangulizi ni kumvunjia hadhi. Atatangulizwa shikamoo, kisha ataombwa: "Nitajie majina yako yote, mzee, kama yalivyo kwenye kitambulisho." Bara, ambako shikamoo haijazoeleka sana, "mama" au "mzee" na neno tafadhali vitafaa. Mambo kama haya ndiyo yanayofundishwa katika kozi za isimujamii kila muhula, kwa mifano ya sokoni na ya matatu. Maabara haitajwi.

Kuna pia neno kufunga. Mgonjwa anayetakiwa kupimwa sukari huagizwa aje "bila kula" baada ya saa nane au zaidi za usiku. Katika matumizi ya Waswahili, chai si chakula. Mtu aliyekunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa yenye sukari atasema kwa moyo mweupe kwamba hajala, amekunywa chai tu. Sukari yake ya damu itapanda, na kiwango cha milimoli 7.0 kwa lita, kinachotenganisha mwenye kisukari na asiye nacho, kitavukwa na kikombe. Upande wa pili, Mwislamu akiambiwa "funga" ataacha hata maji. Maji yaliruhusiwa, na mwili uliokosa maji huificha mishipa, ikawa sindano inamtafuta mshipa mara tatu. Neno moja, makosa mawili yanayopingana! Sentensi ya kuyazuia yote mawili ni fupi: usile, usinywe chai wala soda, maji matupu kunywa.

Makohozi ni habari kama hiyo. Anayechunguzwa kifua kikuu hupewa kikopo na kuambiwa "teme humo". Naye anatema. Kilichotakiwa ni makohozi yaliyokoholewa kutoka kifuani, na alicholeta ni mate ya kinywani, ambayo yanaweza kusema hana ugonjwa hali anao na anauambukiza nyumbani. Kiswahili hutenganisha mate, makohozi na kamasi kwa uwazi unaopendeza. Kosa ni la aliyechagua kitenzi. Kutema ni kwa mdomo. Kukohoa ni kwa kifua.

Tasfida nayo ina pande mbili. Mhudumu asemaye "haja ndogo" badala ya mkojo anamsitiri mgonjwa, na huo ni utu. Lakini sitara ikizidi, maelezo hupotea. Mkojo wa kupima maambukizi hutakiwa ule wa katikati: wa kwanza umwagwe, unaofuata ukingwe, wa mwisho uachwe. Ni wangapi huambiwa hivyo kwa lugha yoyote? Wengi hupewa chupa na kuonyeshwa choo kwa kidole.

Damu yenyewe ina historia katika lugha hii, na asiyeijua hataelewa kwa nini baadhi ya watu husitasita mezani. Kamusi za kale zina neno mumiani, dawa nyeusi iliyodhaniwa na watu kutengenezwa kwa damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni kulikuwa na uvumi wa wazimamoto, watu wa magari ya zimamoto waliosemekana kuwakamata raia na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliuandikia uvumi huo kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000. Baadaye, ukimwi ulipoenea, "kupima damu" kulipata maana ya pili, hata mtu akisema amepimwa, aliyemsikia hakuuliza alipimwa nini. Mama anayeambiwa leo kwamba mtoto wake "atatolewa damu" husikia mwangwi wa hayo yote. Kutoa damu ni kipimo, ni kuchangia damu, ni kuvuja, na katika masimulizi ni kafara. "Tutachukua matone machache kutoka kidoleni tuangalie kama ana malaria" hakuachi mwanya kwa mwangwi huo.

Wako watakaosema kwamba hoja hii inamsahau Mkenya asiyekijua Kiswahili vyema, kama vile ajuza wa Turkana au wa Mandera. Wana haki. Kwake yeye Kiswahili kinaweza kuwa ukuta wa pili nyuma ya ule wa Kiingereza, na tafsiri katika lugha yake haiepukiki. Ila hata tafsiri hiyo huhitaji chanzo kilichoandikwa vyema, na mhudumu aliyehamishwa kutoka Busia hadi Garissa atakitumia Kiswahili kwanza kabla hajamtafuta mkalimani. Wengine watadai kuwa wahudumu wana wagonjwa wengi mno kuweza kusema sentensi ndefu. Dai hilo ni dhaifu zaidi. Kurudia kipimo kilichoharibika hula muda kuliko sentensi tatu, na mgonjwa wa mbali huenda asirudi kabisa.

Sheria tayari iko upande wa mgonjwa. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi kando ya Kiingereza, na Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe habari za matibabu yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Ridhaa ya mtu aliyenyoosha mkono kwa sababu tu aliambiwa "leta mkono" ni ridhaa ya shaka.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili huandaa makongamano, mashairi na michezo ya kuigiza kila mwaka, nayo yana tija yake. Vyuo vikuu kadhaa nchini vina idara ya Kiswahili na shule ya tiba katika bewa moja, na wanafunzi wa pande hizo mbili hukutana kwenye foleni ya chakula pekee. Yatosha kundi la wanafunzi watano kuomba idhini, kuketi maabara kwa wiki mbili, kuandika kinachosemwa, kukipeleka kwa wakufunzi wa maabara wakisahihishe kisayansi, kisha kukijaribu kwa wagonjwa wenyewe kuona wameelewa nini. Karatasi moja ya kubandikwa ukutani ingetokana na kazi hiyo. Pa kuanzia pamekwisha kuonekana, na ni mwishoni mwa shughuli, sindano inapochomolewa. Wahudumu wengi husema "kunja mkono". Mwongozo uliotajwa unakataza, kwa kuwa kiwiko kikikunjwa damu huweza kuvilia chini ya ngozi. Mkono hunyooshwa, pamba ikabonyezwa kwa kidole. Kwa Kiswahili: "Usikunje. Nyoosha mkono, bonyeza pamba hapa mpaka damu ikate."