Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Maneno hayo huyakumbuka kila nimwonapo mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu akiletwa hospitalini akihema.

Mmoja wao alikuwa mzee aliyemaliza dawa zake zote miaka mingi iliyopita, akapona. Asubuhi moja alikohoa, akahisi kama kisu ubavuni, pumzi zikamwishia. Zahanati aliyoanzia walimwambia ni pumu, wakampa dawa ya kuvuta. Siku mbili baadaye aliletwa kwangu akiwa hawezi kusema maneno matatu bila kutweta. Picha ya eksirei ilionyesha pafu la kulia limenywea.

Yafaa ieleweke kwamba pafu likipata tundu, hewa huvuja na kujaa kati yake na ukuta wa kifua, nalo hunywea kama mpira uliotoboka. Mapafu yenye makovu, yawe ya kifua kikuu, ya vumbi la machimbo ya mawe au ya maradhi mengine, aghalabu huwa na malengelenge ya hewa yanayopasuka kwa urahisi.

Kijana mwenye mapafu mazima aweza kuistahimili hali hii. Mwenye makovu hana akiba ya pumzi; hata hewa kidogo iliyovuja yaweza kumwua. Ndiyo sababu nashikilia kwamba asirudishwe nyumbani. Alazwe, apewe oksijeni, na mara nyingi atiwe mrija kati ya mbavu, ambao ncha yake ya nje huzamishwa katika maji ndani ya chupa. Hewa hutoka kwa mapovu wala hairudi.

Hapo ndipo jamaa wengi huharibu mambo. Wakiona chupa inatoa mapovu wiki nzima, husema mgonjwa anamalizwa nguvu, wakataka mrija utolewe. La hasha! Pafu lenye makovu ni gumu, na tundu lake huziba polepole. Kuutoa mrija mapema ni kumrudisha mgonjwa alikotoka. Chupa isiinuliwe kupita kifua, wala mrija unaotoa mapovu usibanwe. Tundu likikataa kuziba, kuna unga wa talki wa kuligandisha pafu ukutani, au upasuaji kwa anayeweza kuustahimili.

Nasi wahudumu wa afya tujilaumu. Si kila anayehema ana pumu. Kumwuliza mgonjwa kama aliwahi kuugua kifua kikuu hakugharimu hata senti moja, na bei ya eksirei ni ndogo kuliko ya jeneza.

Kwa hivyo msomaji, ikiwa wewe au mzazi wako ana makovu mapafuni, maumivu ya ghafla ya kifua pamoja na kukosa pumzi yasikupeleke duka la dawa. Nenda siku hiyo hiyo katika hospitali yenye eksirei, ueleze wazi ulichowahi kuugua. Sigara iache kabisa. Na ukishatibiwa, usipande ndege mpaka daktari aridhike kwamba pafu limepanuka sawasawa.

Mzee wetu alikaa na chupa yake siku 16. Wanawe walinung'unika, yeye akavumilia. Alitoka wodini akitembea kwa miguu yake mwenyewe.