KINYWE CHETU NA MWANGA USIOONEKANA

Salamu nyingi zifikazo Unguja na Pemba siku hizi hupita chini ya bahari, ndani ya nyuzi za kioo, zikibebwa na mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Wataalamu huuita infraredi ya karibu. Ule utumikao sana katika mikongo mirefu una mawimbi ya urefu wa nanomita 1,550 hivi. Atakaye kuutumikisha mwanga huo hana budi kuwa na kitu kitakachoumeza au kuupitisha kwa amri yake.

Kitu hicho chatafutwa katika maada nyembamba mno, zenye tabaka moja au machache ya atomu. Iliyotangulia ni grafini, ambayo Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliibandua katika kinywe mwaka 2004, kwa utepe wa gundi wa kawaida. Mwaka 2010 walitunukiwa Tuzo ya Nobeli. Tabaka moja la grafini humeza asilimia 2.3 tu ya mwanga, ndiyo maana huwekewa vioo ili mwanga urudi na kupita tena. Lakini ikitiwa umeme kidogo, grafini huacha kuumeza mwanga huo na kuuachia upite. Watafiti wa Berkeley, Marekani, walilidhihirisha hilo mwaka 2011. Fosforasi nyeusi nayo huchagua mwanga wa kumeza kwa idadi ya matabaka yake, ila hewa yenye unyevu, mfano wa hii yetu ya Visiwani, huiharibu upesi.

Kinywe kipo kwa wingi Mahenge na Ruangwa, Tanzania Bara. Je, fungu letu liwe kuchimba na kupakia magunia tu?

Wapo watakaosema kwamba skuli zetu zahitaji madawati kabla ya hadubini. Ni kweli zayahitaji. Lakini hatudai kiwanda. Utepe wa gundi si ghali, na hadubini nzuri ya kawaida yatosha kuiona grafini iliyobandikwa juu ya silikoni yenye utando wa oksidi wa unene ufaao. Twaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, watenge chumba kimoja, hadubini moja na wanafunzi wachache wa fizikia, na kinywe kiombwe kwa ndugu zetu wa Bara. Fedha za kazi hiyo zionekane katika bajeti ijayo.