Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na wale wanaoigeuza methali hii kuwa hukumu kila tajiri anapoibiwa.

Ndugu msomaji, likizo iliyopita majambazi waliingia usiku kwa jirani yetu bila kuvunja mlango. Walimfunga kamba mwenye nyumba, wakachukua runinga, pesa na vito vya mkewe. Kabla jua halijachomoza, mtaa mzima ulikuwa umekwisha kumjua mwizi: yaya! Ati nani mwingine aliyejua funguo hukaa wapi? Ati mbona yeye hakupigwa? Ati mbona analia sana? Angenyamaza, wangeuliza mbona halii. Sanduku lake lilimwagwa uani, nguo zake zikatawanywa mbele ya wanaume na watoto. Hakikupatikana kitu. Jioni alifukuzwa bila hata mshahara wa mwezi ule.

Majuma matatu baadaye, polisi waliipata ile runinga kwa mpwa wa mwenye nyumba. Naye alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele zaidi asubuhi ile. Je, kuna aliyefunga safari kumtafuta yule binti amwombe radhi? Hakuna.

Sisemi kuwa wafanyakazi wote ni malaika. Wapo walioiba, na wapo waliowafungulia majambazi mlango. Polisi wana haki ya kumhoji aliyekuwemo nyumbani, kwani huenda akawa ndiye shahidi mkuu. Lakini jamani, kuhojiwa si kuhukumiwa! Kifungu cha 50 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinasema kuwa mshtakiwa huhesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo, katika kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfukuza mara moja mfanyakazi anayeshukiwa kumtendea jinai, ila tuhuma hizo sharti ziwe na sababu za kutosha. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri kwanza amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, kisha amsikilize. Na hata akimfukuza kwa haki, ni lazima amlipe mshahara wake hadi siku hiyo.

Sasa nauliza, kujua funguo hukaa wapi ni sababu ya kutosha? Mpwa pia alijua. Tofauti ni kwamba mpwa ana jina la ukoo, na yaya ana sanduku tu. Umaskini si ushahidi. Tena, tunapomkimbilia mnyonge, mwizi halisi hupata nafasi ya kuuza mali na kufuta nyayo zake.

Wanafunzi wenzangu, tusicheke watu wazima. Pesa zikipotea bwenini, macho yetu humwendea nani? Si yule mfagiaji? Si yule mwenzetu asiye na pesa za matumizi? Tuanze hapa hapa: tuulize kwanza, tusikilize, ndipo tuseme. Na tukikosea, tuwe na ujasiri wa kuomba radhi mbele ya wale wale tuliomwaibisha mtu mbele yao. Jina likichafuliwa hadharani halisafishwi kwa kunong'ona.