KIOO CHA KOMPYUTA NA MACHO YETU



Katika mji wetu wa Bukavu watu wengi siku hizi wanapata chakula chao mbele ya kioo cha kompyuta, au ordinateri kama tulivyozoea kusema. Wako makarani wa ofisi na wa makanisa. Wako wanafunzi wanaoandika kazi zao za mwisho wa masomo. Wako vijana wa vyumba vya sekretariati, wanaochapa barua za watu tangu asubuhi hata usiku. Wengi wao wakija kwetu hospitalini wana neno moja: “Mganga, macho yananiwaka, kichwa kinaniuma, na jioni herufi zinacheza mbele yangu.”

Kwa watu hao limekuja shauri jipya. Wanaambiwa, “Shida yako ni hezi. Kioo chako ni cha hezi 60. Nunua cha hezi 144, na macho yatapona.” Basi baba mwenye watoto wa kulipia shule anaanza kuweka fedha kwa ajili ya kioo. Mimi naona kwamba kwa watu wengi shauri hilo si jema. Nataka kueleza sababu, ili kila mmoja ajue mahali panapofaa kuweka fedha yake na mahali pasipofaa.

HEZI NI NINI?

Picha unayoiona katika kioo cha kompyuta haikai kama picha ya karatasi. Kompyuta inaichora upya mara nyingi katika kila sekunde. Kioo cha hezi 60 huchora picha mara 60 kwa sekunde moja. Kioo cha hezi 144 huichora mara 144. Hesabu hiyo ni ya kweli, wala si uongo wa mwenye duka. Lakini faida yake kwa jicho hutegemea aina ya kioo.

Fikiri kwanza juu ya vioo vya zamani, vile vinene vyenye mgongo mkubwa kama televisheni za wazee wetu. Ndani yake mna mshale mwembamba wa umeme unaopita mstari kwa mstari. Mahali unapopita, unga uliopakwa nyuma ya kioo huwaka, kisha hufifia upesi. Basi kioo kinachochorwa mara 60 huwaka na kufifia mara 60. Watu wengi hukiona kinameta, hasa ukurasa ukiwa mweupe, na hasa wakikitazama kwa pembe ya jicho, maana pembe ya jicho ni hodari kutambua kumeta. Kwa kioo cha namna hii ni kweli kabisa kwamba hesabu ndogo huchosha macho. Kama bado unacho, fungua mpango wa kompyuta na upandishe hesabu mpaka 75 au 85, ikiwa kioo chako kinakubali. Dawa hiyo haina bei.

Lakini vioo vinavyouzwa siku hizi ni bapa, navyo havifanyi kazi hivyo. Nyuma yake mna taa, na mbele ya taa mna nukta ndogo sana nyingi. Kila nukta hushika rangi yake mpaka iamriwe kuibadili. Kioo cha zamani ni kama mtu anayekuonyesha njia kwa kuwasha viberiti, kimoja baada ya kingine. Kioo bapa ni kama taa iliyosimama ikiwaka, na mtu anabadili picha mbele yake. Kwa sababu hii kioo bapa cha hezi 60 hakimeti kama kile cha zamani. Hesabu kubwa huwasaidia wanaotazama vitu vinavyokimbia, kama wachezaji wa michezo ya kompyuta. Lakini herufi ya barua imesimama mahali pake. Kuichora upya mara 144 badala ya 60 hakumpunguzii karani uchovu mkubwa.

Mtu mwingine atasema, “Lakini mimi nilinunua kioo cha hezi nyingi, na kichwa kimeacha kuuma.” Simkatazi kushukuru. Labda kioo kipya ni kikubwa zaidi, herufi zake ni safi zaidi, au taa yake inawaka bila kumeta. Mambo hayo yana faida, nayo hupatikana hata katika kioo cha hezi 60.

KUMETA KUNAKOTOKA KWENYE TAA

Hata hivyo nisiseme kwamba kumeta ni jambo la bure. Kunaweza kutoka mahali pengine pawili.

Mahali pa kwanza ni taa iliyo nyuma ya kioo bapa. Vioo vingine, ukipunguza mwanga, huipunguza taa kwa kuiwasha na kuizima upesi sana. Jicho halioni, lakini watu wengine huumwa kichwa. Waweza kupima mwenyewe. Fanya hivi mchana, taa za chumba zikiwa zimezimwa. Weka ukurasa mweupe katika kioo, punguza mwanga wake, kisha tikisa kalamu mbele yake upesi kwenda na kurudi. Ukiona kivuli kimoja laini, taa haimeti. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana, kama vidole vya mkono, taa inameta. Basi pandisha mwanga wa kioo, na ukae mahali penye nuru ya kutosha. Kabla ya kununua kioo, omba kukipima hivyo dukani. Kipimo cha kalamu kitakusaidia kuliko namba iliyoandikwa katika sanduku.

Mahali pa pili ni taa ya chumba. Umeme wetu, unaotoka katika mitambo ya mto Ruzizi, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Taa ndefu za neli za namna ya zamani huufuata, nazo humeta mara 100 kwa sekunde. Mwaka 1989 mtaalamu Arnold Wilkins na wenzake huko Uingereza walitangaza matokeo ya kazi yao katika ofisi. Taa za namna hiyo zilipowekewa mitambo inayozifanya zimete maelfu ya mara kwa sekunde, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua zaidi ya nusu. Jambo hili linatufaa sana. Kubadili taa ya chumba ni kazi ndogo kuliko kununua kioo kipya, na watu wote wa chumba wanafaidiwa.

Tena, neli iliyozeeka hata unaiona ikimeta kwa macho yako, itoe siku ile ile. Kumeta kwa polepole kwaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa cha aina fulani. Huko Japani, tarehe 16 Desemba 1997, watoto mamia walipelekwa hospitalini kwa sababu ya picha za televisheni zilizometa rangi nyekundu na buluu. Hawakuingiwa na pepo, wala hawakulogwa. Ni ubongo ulioshtushwa na nuru. Mtoto wako akianguka mbele ya kioo, mlete hospitalini.

JICHO LISILOPEPESA

Sasa nitaje sababu iliyo kubwa kwa watu wengi. Mungu alipotupa jicho, alilipa pia kope za kulifunika na machozi ya kulilowesha. Kila tunapopepesa, machozi hupakwa juu ya jicho. Mwaka 1993 madaktari wa Japani, Tsubota na Nakamori, waliandika juu ya wafanyakazi wa ofisi 104. Walipotulia, walipepesa kama mara 22 kwa dakika. Waliposoma kitabu mezani, mara 10. Walipotazama kioo cha kompyuta, mara 7 tu. Basi ndiyo maana macho yanawaka: yamekauka. Na kioo cha hezi 144 hakiwezi kukupepesea macho.

Pamoja na hilo, misuli ya ndani ya jicho hukaza ili tuone vya karibu. Ikikaza saa nne bila kulegea, inachoka kama mkono uliobeba ndoo toka ziwani bila kuitua. Tena mtu akipita miaka 40, jicho hupungukiwa na nguvu ya kuona karibu. Huyo anahitaji miwani ya kusomea iliyopimwa, si kioo kipya.

Kwa hiyo neno langu ni hili: dawa kubwa ya macho haya ni pumziko, na pumziko liko mikononi mwa mwenye kazi. Kijana wa sekretariati hawezi kuinua macho yake ikiwa bwana wake anahesabu kurasa na kumkaripia kila anaposimama. Wewe mwenye chumba, wewe mkubwa wa ofisi, wewe mzee wa kanisa uliye na karani: Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, nawe unamnyima mtu wako nusu dakika? Kumnunulia kioo cha bei na kumnyima pumziko si kumhurumia.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kila dakika 20, inua macho utazame mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Mungu ametupa ziwa Kivu na milima, vitazame.

2. Pepesa macho kwa kusudi, ukifunga kope kabisa.

3. Weka kioo mbali nawe kiasi cha urefu wa mkono, na juu yake pawe sawa na macho yako au chini kidogo.

4. Usikae dirisha likiwa nyuma ya kioo wala nyuma ya mgongo wako. Liwe kando yako.

5. Kuza herufi. Mtu anayeinamia kioo ili asome anajichosha bure.

6. Umeme ukikatika, usiendelee gizani kwa nuru ya kioo peke yake. Washa taa nyingine.

MAMBO YA KUEPUKA

Usinunue matone ya macho barabarani. Mengine yana dawa ya jamii ya kortizoni. Jicho jekundu hutulia upesi, na mtu hufurahi. Lakini akiitumia muda mrefu bila kupimwa, dawa hiyo yaweza kupandisha presha ya jicho na kumpofusha, au kuleta mtoto wa jicho.

Usikimbilie miwani inayosemwa kuzuia nuru ya buluu. Mwaka 2023 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 17 juu yake. Hawakuona kwamba huenda inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida katika muda mfupi.

Na zaidi ya yote, usiseme “ni kompyuta tu” siku zote. Presha ya jicho, yaani glakoma, mara nyingi huanza bila maumivu. Huiba uwezo wa kuona kutoka pembeni polepole, na kilichoibwa hakirudi. Kama katika ukoo wenu yuko aliyepofuka kwa ugonjwa huo, njoo upimwe hata kama huumwi. Njoo upesi kama jicho moja linaona vibaya kuliko lingine, kama jicho ni jekundu na linauma sana, kama unaona duara za rangi kuzunguka taa, au kama umepumzika siku kadhaa na kichwa bado kinauma.

Ndugu zangu, fedha ya kioo cha hezi nyingi yaweza kumpima macho baba, mama na bibi, na kumnunulia mmoja wao miwani. Pima taa zako kwa kalamu, pumzisha macho yako, na uwapumzishe wanaokufanyia kazi. Kama baada ya hayo macho bado yanasumbua, njoo hospitalini kabla ya kwenda dukani.