Daftari la Waingiao

Mwezi wa Agosti mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley iliyoko California, mtaalamu wa elimu ya falaki aitwaye Clifford Stoll, ambaye fedha za utafiti wake zilikuwa zimekwisha naye akahamishiwa kazi za kompyuta asije akakosa riziki, aliambiwa achunguze kwa nini hesabu za matumizi ya mitambo zimepishana kwa senti 75. Siku zile muda wa kompyuta uliuzwa kama maji ya kisima cha tajiri, kila mtumiaji akiandikiwa deni lake, na karani mvivu angalizitoa senti hizo mfukoni mwake akaenda zake kula. Stoll alilifuata daftari mstari kwa mstari, akalikuta jina lililotumia sekunde chache za mtambo bila ya kuwa na anwani ya kupelekewa deni. Na jina hilo lilipokwisha kufutwa, akaona mgeni akiingia kwa akaunti ya mtu ambaye wenziwe wote walijua kuwa amekwenda kukaa Uingereza.

Jumamosi na Jumapili moja aliazima printa za ofisi za jirani, akaziunga kwenye nyaya zipatazo 50 zilizoingia katika mitambo, akalala sakafuni katikati yake akingoja mojawapo ilie. Ikalia. Kutoka hapo safari ilimchukua takriban mwaka mzima, kwa kufuatia saa za kuingia na saa za kutoka, mpaka Hannover katika Ujerumani Magharibi, kwa kijana aitwaye Markus Hess, aliyekuwa akichokora kompyuta za jeshi la Marekani pamoja na wenziwe na kuwauzia majasusi wa Kisovieti walichokipata. Mwaka 1990 mahakama iliwatia hatiani.

Mgeni yule, kila mara alipoingia kwa jina na neno la siri la mtu mwingine, hakuvunja kitasa chochote, na mtambo ulimkaribisha, kwa kuwa mtambo ule haukutambua sura. Aliyemfichua ni msomaji wa daftari ambaye, fauka ya kuziona tarakimu, alijua nani yuko ofisini na nani yuko safarini.

Wezi wa zama zetu wanalijua hilo kuliko sisi. Mwezi wa Februari mwaka 2016, walipojipenyeza katika Benki Kuu ya Bangladesh, wakatumia vitambulisho vya makarani wenyewe kuiamuru Federal Reserve ya New York, benki iliyokuwa ikiwatunzia akiba, itoe karibu dola milioni 951, walichagua usiku wa Alhamisi, maana Ijumaa nchini humo ni siku ya mapumziko, tena wakahakikisha kuwa printa iliyokuwa ikichapa kumbukumbu za maagizo hayo haichapi hata neno. Makarani walioikuta kimya walidhani ni ubovu wa kawaida. Sehemu kubwa ya fedha ilizuiliwa, walakini milioni 81 zilifika Ufilipino zikayeyukia katika nyumba za kamari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakubahatika kuiona mali yenye daftari kamili, linalojiandika lenyewe usiku na mchana bila ya kuruka mstari, ikapotea kwa kuwa mwenyewe hakuwahi kulifunua. Barua pepe zetu zinalo daftari hilo, na WhatsApp kadhalika huonyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mimi niandikaye haya nililifunua langu kwa mara ya kwanza mwaka jana, nikaikuta kompyuta ya duka la kuchapishia nyaraka, ambako niliingia siku moja nipate kutoa nakala ya barua nikasahau kutoka, ingali wazi. Na kila aliyekikalia kiti kile baada yangu, lau angalipenda, angalisoma siri zangu zote. Taksiri ilikuwa yangu, na kuifuta kulinichukua muda usiozidi wa kunywa funda la kahawa.

Lakini yapo madaftari tusiyoweza kuyafunua hata tukitaka. Benki niwekayo akiba yangu huniletea ujumbe kila shilingi inapotoka, ilhali haijaniambia hata mara moja kwamba akaunti yangu imefunguliwa, siku gani, saa ngapi, kwa simu ya namna gani. Nilipouliza dirishani nilijibiwa kwa adabu kwamba kumbukumbu hizo ni za ndani. Za ndani mwa nani? Mwivi mwenye subira huingia kwanza akatazama salio, akajua siku ya mshahara, akatoka bila ya kugusa kitu. Na mimi hupewa habari fedha zikiisha kuondoka, kama mtu anayebishiwa hodi na jirani kumwarifu kuwa nyumba imekwisha kuungua. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimempa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake zilizo mikononi mwa wengine, na kama saa ya kufunguliwa kwa akaunti yangu si taarifa yangu, sijui ni ya nani.

Husemwa kwamba benki zikiwaarifu wateja kila akaunti inapofunguliwa, watababaika bure, kwani mtu aliyekaa Mombasa huenda akaandikwa kuwa yuko Nairobi, kwa sababu ya njia ambazo mawasiliano ya simu hupitishwa. Ni kweli kwamba mahali huandikwa kwa kukisia, lakini saa haikisiwi. Mtambo wa makao makuu, ukiona akaunti mbili zimefunguliwa saa tisa za usiku, moja ya mvuvi na moja ya mwalimu wa madrasa, yamkini utazishuku zote mbili au usiishuku hata moja. Mvuvi ataupokea ujumbe akiwa ufukweni anasubiri maji, aupuuze. Mwalimu ataukuta alfajiri, atakapoiwasha simu yake aliyoizima tangu baada ya Isha.