Ufunguo Mmoja wa Milango Yote

Kontena, katika fani ya kompyuta, ni kifurushi chenye programu pamoja na vyote vinavyohitajika kuiendesha. Kontena zikiwa mamia, zimetawanyika katika kompyuta nyingi, hapana budi pawe na chombo cha kuzisimamia. Kimojawapo kinachotumika sana ni Kubernetes, kilichotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014. Jina hilo ni neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. Anayeanza kukitumia hupendelea dashibodi, yaani ukurasa unaoonyesha kontena kwa majedwali, kuliko kuandika amri moja moja. Aghalabu hapo ndipo anapokwama. Anaingia, lakini majedwali ni matupu, na mbele yake pana ujumbe wenye neno "forbidden", yaani imekatazwa.

Ushauri anaopewa na wenzake ni kujitwalia wadhifa uitwao cluster-admin, ambao hauna mpaka. Ujumbe hutoweka papo hapo. Mimi naupinga ushauri huu, na naupinga zaidi unapotoka kwa mwalimu.

Kwanza, hakuna kilichoharibika. Ujumbe ule ni jibu la chombo kinachotimiza kazi yake, tena ni jibu lenye maelezo kamili: nani ameomba, alitaka kutenda nini, juu ya kitu gani, na katika eneo gani. Mathalani, laweza kusema kwamba mtumiaji "juma" hawezi kuorodhesha podi, yaani vikundi vidogo vya kontena, katika eneo liitwalo "shule". Mwanafunzi anayekimbilia cluster-admin hajausoma.

Yafaa pia kutazama namba ya jibu. 401 maana yake hujatambuliwa: tokeni, ambayo ndiyo hati yako ya utambulisho, ina kasoro au imekwisha muda. Tokeni inayoombwa kwa amri ya kubectl create token, iliyoletwa na toleo 1.24 la mwaka 2022, kwa kawaida hudumu saa moja tu. Aliyeingia kabla ya chai asishangae kukataliwa baadaye. 403 ni jambo jingine: umetambuliwa, ila huna ruhusa. Nimeona watu wakimwongezea madaraka mtu ambaye shida yake ilikuwa hati iliyokwisha muda!

Ruhusa zenyewe huhitaji vitu viwili: wadhifa unaotaja vitendo vinavyoruhusiwa, na kitu mfano wa barua ya uteuzi, kiitwacho RoleBinding, kinachomkabidhi mtu wadhifa huo. Katika utaratibu huu hakuna kanuni ya kukataza. Kisichoruhusiwa hakiruhusiwi, basi. Kwa hiyo usitafute kinachokuzuia, tafuta uteuzi uliokosekana. Mara nyingi utakuta upo, lakini umeandikwa katika eneo lingine, nao nguvu zake huishia humo. Amri ya kubectl auth can-i list pods, ikiongezwa jina la eneo na la mtumiaji, hujibu ndiyo au hapana bila kubadili chochote.

Watasema kompyuta ya darasani haina siri. Huenda ni kweli, lakini mazoea hayabaki darasani. Februari 2018 kampuni ya usalama ya RedLock ilieleza jinsi wavamizi walivyoingia katika ukurasa wa usimamizi wa Kubernetes wa kampuni ya Tesla, uliokuwa umeachwa bila nywila. Ndani ya podi moja mlikuwa na funguo za ghala la data la kampuni hiyo katika huduma ya Amazon. Wavamizi waliendesha humo programu za kuchimba sarafu za kidijiti, kwa gharama ya wenyewe. Kosa la pale lilikuwa mlango usiofungwa. Lakini anayepita mlango wa namna hiyo hupata madaraka yote aliyopewa mwenye dashibodi, na kiasi cha madaraka hayo ni uamuzi wa aliyeyagawa.

Kwa mwanafunzi, wadhifa wa "view", ambao Kubernetes huja nao tayari, watosha katika eneo moja. Huruhusu kutazama bila kubadili, na hauonyeshi vitu vilivyohifadhiwa kama siri. Akiupata, podi zitaonekana, ila orodha ya maeneo bado itakataliwa, kwa kuwa orodha hiyo ni ya mfumo mzima na uteuzi wa eneo moja hauifikii. Ataandika jina la eneo lake kwa mkono, na kazi itaendelea.