Plastiki Haiozi: Tuitoe Shambani

Wakulima wenzangu,

Samadi ukiitia shambani huoza, ikawa chakula cha mimea. Ganda la ndizi huoza, na gunia la katani huoza pia. Plastiki haiozi. Ukiifukia leo, mjukuu wako ataifukua kwa jembe lake, nayo itakuwa plastiki vile vile.

Labda mtasema kwamba jambo hili lilikwisha. Kweli, tarehe 28 Agosti 2017 Serikali ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, tena kwa adhabu kali: faini ya hadi shilingi 4,000,000 au kifungo cha hadi miaka 4. Tangu hapo twaenda sokoni Silibwet na kikapu au mfuko wa kitambaa, na hakuna aliyekufa njaa kwa ajili hiyo. Lakini sheria ile haikumaliza plastiki yote. Iko karatasi ya ndani ya gunia la mbolea, viko viriba vya miche, chupa za dawa na za soda, na mitungi iliyopasuka. Hizo hatuletewi na upepo. Twazileta wenyewe.

Fikirini ng'ombe wenu. Karatasi iliyokuwa na chumvi au maganda ya viazi ina ladha, naye huimeza. Ikifika tumboni haisagiki wala haitoki, bali hukaa na kungoja nyingine. Ng'ombe huacha kula vizuri, tumbo huvimba mara kwa mara, maziwa hupungua, na mwenyewe hununua dawa ya minyoo bure. Mwaka 2017 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba katika machinjio ya Nairobi ng'ombe wengine walitolewa mifuko 20 tumboni. Ng'ombe wa namna hiyo hana tiba ila kupasuliwa.

Fikirini pia udongo. Mche wa chai ukipandwa pamoja na kiriba chake, mizizi hujizungusha humo humo, nao hudumaa. Vipande vikizidi ardhini, maji ya mvua hayapenyi vizuri. Baba zenu wengi mlio katika skimu za makazi walilipia mashamba hayo mkopo kwa miaka mingi. Eka zile hazitaongezeka, basi si vema kuzifanya jaa.

Na maji je? Mto wetu wa Nyangores hukutana na Amala, ukawa Mara, ukavuka mpaka kuingia Tanzania na kumwagika katika Ziwa Victoria. Wataalamu walipochunguza sato na sangara wa soko la Mwanza, walikuta vipande vidogo vya plastiki katika matumbo ya baadhi yao, na habari hiyo ilichapishwa mwaka 2016. Tukitupa mtoni, twawatupia wenzetu chakulani.

Wako wanaosema kwamba taka ni kazi ya Kaunti. Ni kweli kwa sheria, lakini gari la taka hufika sokoni, halipandi mpaka kwenye boma lako. Wengine huchoma. Moshi ule ni sumu, nao huwapata kwanza mama na watoto walio karibu na moto.

Maoni yangu ni haya: aliyeileta plastiki shambani ndiye aitoe. Mche ukipandwa, kiriba kichanwe na kuhesabiwa. Ukipanda miche 100, viriba 100 virudi nyumbani. Chupa ya dawa isuuzwe mara tatu, maji yake yarudi katika bomba la kunyunyizia, kisha itobolewe, isije ikatiwa maziwa. Majani ya chai yachumwe kwa kikapu, kwa maana yakisongwa ndani ya plastiki hupata joto na kuharibika. Mursik nayo ibaki katika kibuyu chake, ambamo wazee waliihifadhi tangu zamani bila kununua chupa hata moja.

Zinazosalia ziwekwe katika gunia moja, mahali ambapo ng'ombe hafiki. Lakini gunia likijaa lipelekwe wapi? Hapo ndipo mnapaswa kusema kwa sauti moja. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inamwekea mtengenezaji wajibu juu ya taka za bidhaa zake. Basi katika mkutano ujao wa kituo chenu cha majani chai, au wa chama cha maziwa, ulizeni: wauza mbolea na dawa watachukua lini magunia na chupa zao? Ombeni siku moja kila mwezi ya kukusanya, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Mkulima mmoja akiuliza huambiwa angoje. Wakiuliza wote wa kituo, si rahisi kuwanyamazisha.

Karani, Ofisi ya Kilimo,
Silibwet